Mtoto Akataaye Chakula Si Mkaidi Sikuzote

Jioni moja nilikuwa mgeni katika nyumba moja huko Wazo, chini ya kile kilima ambacho mawe yake ya chokaa yamekuwa yakisagwa kuwa saruji tangu mwaka 1966. Mama wa nyumba alikuwa amepika wali na mchicha, na kwa kuwa pwani ya Kunduchi si mbali, alikuwa ameutia mchicha ule uduvi upate kunoga. Sote tukanyosha mikono, ila binti mmoja wa miaka tisa alikula wali mtupu. Baba yake akamwambia, "Mwanangu, usinitie aibu mbele ya mgeni. Kula mboga." Binti akajibu kwa sauti ndogo, "Baba, yaniwasha." Baba akakunja uso, naye mtoto akala.

Kabla hatujanawa mikono, midomo yake ilikuwa imevimba, na shingo imejaa vipele kama mtu aliyeguswa na upupu. Usiku ule hakulala kwa kujikuna. Asubuhi vipele vilikuwa vimetoweka, na baba akaniambia, "Waona, hakufa."

Neno lile "hakufa" ndilo lililonifanya niandike habari hii. Maana wengi wetu twadhani kwamba jambo lisiloua si kitu.

Maradhi haya huitwa mzio, na wengine husema aleji, neno lililobuniwa mwaka 1906 na tabibu Clemens von Pirquet wa mji wa Vienna. Asili yake ni hii: mwili una walinzi wake wa kupigana na vijidudu vya maradhi. Kwa watu wengine walinzi hao hukosea, wakakidhania chakula chema kuwa ni adui. Katika mwaka 1966 Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko, wataalamu wa Kijapani waliokuwa wakifanya kazi Denver, Marekani, walieleza habari za protini ya damu iitwayo IgE, ambayo mara nyingi ndiyo inayopiga mbiu ya vita hivyo. Basi ngozi huwasha, midomo huvimba, pua hutoka kamasi, au tumbo husokota. Mtoto hawezi kuyazuia hayo kwa kujikaza, kama vile asivyoweza kuizuia chafya.

Mwaka 1999 tume ya Codex, iliyoundwa na FAO na WHO kutunga kanuni za vyakula, ilitaja mafungu manane yanayoleta mzio zaidi: ngano na nafaka za jamii yake, kamba na kaa, mayai, samaki, karanga, soya, maziwa, na kokwa za miti kama korosho. Itazameni orodha hiyo, kisha mtazame jikoni mwenu. Hakuna hata kimoja kilicho kigeni kwetu. Uduvi nao ni wa jamii ya kamba, na kuukausha au kuupika sana hakuuondolei madhara yake.

Lakini yatupasa kupambanua, maana si kila kuwashwa ni mzio. Jodari au vibua wakiachwa juani, huzaliwa ndani yao kitu kiitwacho histamini, wala moto hauiondoi. Ikiwa wote waliokula wamewashwa, samaki ndiye aliyeharibika. Ikiwa ni mmoja tu, na kila alapo hudhurika, hapo ushuku mzio. Tena wako watu wazima ambao maziwa huwajaza tumbo gesi na kuwaharisha. Huo si mzio, bali matumbo yao hayawezi tena kusaga sukari ya maziwa. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudani, wakaonyesha kwamba uwezo huo hurithiwa katika damu. Watu wa namna hiyo mara nyingi huyavumilia maziwa ya mgando, kwa kuwa vijidudu vya mgando vimekwisha kuila sehemu ya sukari ile. Wala si mwiko wa ukoo, wala si uchawi wa jirani.

Basi wazazi wafanye nini? Kwanza, mtoto asemapo "chaniwasha", wamsikilize. Andikeni alichokula, saa aliyokula, na yaliyomtokea, kisha mpelekeeni tabibu maandishi hayo. Msikate vyakula vingi kwa kubahatisha, msije mkamdhoofisha. Mwaka 2015 uchunguzi uliofanywa London kwa watoto wachanga 640 walioelekea kupata mzio ulionyesha kwamba wale waliolishwa vyakula vya karanga mapema walipata mzio wa karanga kwa uchache sana kuliko walionyimwa. Na watoto wengi wenye mzio wa maziwa au mayai huponywa na umri; wa karanga, samaki na kamba mara nyingi hudumu.

Ninyi walimu, uji wa lishe wa shuleni aghalabu una karanga au soya. Mtoto akiukataa, msimpige wala msimcheke; ulizeni nyumbani kwao. Na mpishi asikoroge vyungu viwili kwa upawa mmoja.

Tena mjue kwamba wepesi wa leo si dhamana ya kesho. Aliyetoka vipele mara ya kwanza aweza kuzidiwa mara ya pili. Akikosa pumzi, akivimba ulimi au koo, au akizimia, msingoje asubuhi. Mkimbizeni hospitali saa ile ile. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nilirudi katika nyumba ile baada ya miezi michache. Mama alikwisha kumpeleka binti kwa tabibu, na sasa huteka bakuli la mchicha kabla ya kutia uduvi. Tulipokaa kula, baba mwenyewe ndiye aliyelisogeza bakuli lile mbele ya mtoto, akaniambia, "Bwana, siku ile nilichunga heshima yangu kwa mgeni, nikausahau mwili wa mwanangu." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Alalaye juu yake akikuambia kwamba wamo, msadiki.