Moyo umetibiwa, mbona mtoto bado hajakaa?

Mtoto amerudi kutoka Dar es Salaam. Ana kovu refu katikati ya kifua, midomo haigeuki tena kuwa ya bluu, na sasa ananyonya bila kutoka jasho. Nyumba nzima inashukuru. Lakini anafika miezi tisa na bado hajakaa mwenyewe, wakati mtoto wa jirani aliyezaliwa wiki hiyo hiyo anatambaa. Majirani wanaanza kunong'ona. Je, operesheni haikufanikiwa?

Mara nyingi ilifanikiwa. Watoto waliopasuliwa moyo wakiwa wachanga huchelewa zaidi kuliko wenzao kukaza shingo, kukaa, kutambaa na kutembea. Mama hajakosea kitu, na huo si ushirikina. Wengi wao husogea vizuri wakisaidiwa mapema.

Karibu mtoto 1 kati ya kila 100 huzaliwa na tatizo la moyo. Matundu mengine madogo huziba yenyewe, mengine huhitaji upasuaji. Zamani watoto wengi wa Tanzania walipelekwa India. Tangu mwaka 2015 ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, ambako watoto hupasuliwa hapa hapa nchini. Kwa familia ya Makongolosi hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 100 hadi Mbeya mjini, kisha nyingine zaidi ya 800 hadi Dar es Salaam. Baada ya safari hiyo yote, ni rahisi kudhani kazi imekwisha.

Kwa nini anachelewa?

Kwanza, kabla ya operesheni moyo haukuwa ukisambaza damu na oksijeni vya kutosha, na ubongo nao ulikuwa bado unakua. Kwa baadhi ya watoto hali hiyo huanza wakiwa bado tumboni. Pili, mtoto alikuwa anachoka kunyonya, uzito haukupanda, na misuli ikabaki dhaifu. Tatu, alilala hospitali siku nyingi akiwa na mirija na mashine, bila nafasi ya kujigeuza.

Sababu ya nne iko nyumbani, nayo ni woga. Mtoto anabebwa kutwa, au analazwa chali ili kovu lisiguswe. Miezi inapita. Misuli ya shingo, mgongo na mikono hukomaa kwa kutumika, na mtoto asiyewekwa chini hapati pa kujifunzia.

Wiki za mwanzo

Mfupa wa kifua uliokatwa huchukua kama wiki 6 hadi 8 kuunga. Katika muda huo usimnyanyue kwa kumshika makwapani wala kumvuta mikono, na mweleze hivyo anayemwogesha au kumkanda. Mnyanyue kwa kupitisha mkono mmoja chini ya kichwa na mabega, mwingine chini ya makalio. Kabla ya kuruhusiwa hospitali, muulize daktari maswali mawili: lini nimbebe mgongoni kwa khanga, na lini nianze kumlaza kifudifudi?

Akisharuhusu

Mlaze kifudifudi akiwa macho, wewe ukiwa karibu. Anza na dakika moja au mbili, mara kadhaa kwa siku, kisha ongeza kidogo kidogo. Akilia, jiegemeze nyuma umlaze juu ya kifua chako. Wakati wa kulala usingizi, arudi chali.

Tandika mkeka. Weka kijiko au kopo la rangi mbele yake, mbali kidogo na mkono, ili ajinyooshe kukifikia. Akianza kukaa, mkalishe katikati ya miguu yako. Akichoka, apumzike. Kucheza kwa namna hii hakudhuru moyo uliotibiwa, ila kama daktari amekuwekea masharti, fuata hayo.

Tarehe za kukumbuka

Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, karibu watoto wote wenye afya hukaa bila kushikiliwa kabla ya kutimiza miezi 10, na hutembea wenyewe kabla ya miezi 18. Mtoto wa moyo akipitisha muda huo, usingoje. Usingoje pia kama hajakaza shingo akiwa na miezi 4, kama mwili ni mlegevu sana au umekakamaa, kama anatumia mkono mmoja tu, au kama ameacha jambo alilokuwa akiliweza.

Siku ya kliniki usiishie kwenye mizani. Mwonyeshe mhudumu karatasi za operesheni, mwambie mtoto anafanya nini na hafanyi nini, kisha omba rufaa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ni karibu kuliko Dar es Salaam. Tarehe za kurudi kwa daktari wa moyo nazo zibaki pale pale.

Lakini mtoto akihema haraka, akigeuka bluu, akivimba, akikataa kunyonya, akiwa na homa, au kovu likitoa usaha, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Leo jioni, kama daktari amesharuhusu, tandika mkeka na umweke mtoto chini kwa dakika mbili. Kesho ziwe tatu.