Tope Jeusi la Perkin

Asiyewahi kumeza kwinini hawezi kuujua uchungu wake. Sisi tuliolelewa penye mbu wengi tuliimeza huku tumezibwa pua, wala hatukudhani kwamba dawa hiyo, iliyotokana na gome la mti wa Amerika Kusini, ndiyo iliyomfikisha kijana wa miaka 18 kwenye utajiri wa rangi za nguo. Kisa chenyewe ningependa walimu wenzangu wakisikie.

William Henry Perkin alizaliwa London mwaka wa 1838. Baba yake alikuwa mjenzi, naye alitaka mwanawe awe msanifu wa majengo. Lakini katika City of London School palikuwa na mwalimu aitwaye Thomas Hall, aliyefundisha kemia saa ya chakula cha mchana. Perkin akawa anashinda na njaa ili asikose somo. Hall ndiye pia aliyemsihi mzee hata akaridhia kijana aingie Royal College of Chemistry akiwa na miaka 15, chini ya Profesa August Wilhelm von Hofmann, Mjerumani.

Hofmann aliwaza kwamba huenda kwinini ikatengenezwa kutokana na lami ya makaa ya mawe. Likizo ya Pasaka ya 1856, profesa akiwa kwao Ujerumani, Perkin alijaribu katika maabara yake ya nyumbani. Kwa hesabu ya atomi mambo yalilingana barabara. Ila molekuli si idadi ya atomi tu, bali pia jinsi zilivyoungana, na hilo siku zile halikujulikana vyema. Alipata unga mwekundu wa hudhurungi. Akarudia kwa anilini, akapata tope jeusi. Alipoliosha kwa spiriti, likatoa zambarau ya kupendeza. Akachovya hariri ndani yake. Rangi ikashika, isitoke kwa kufuliwa wala kwa jua.

Linalonichekesha ni kwamba anilini yake haikuwa safi. Ilichanganyika na toluidini, na lau si uchafu huo, zambarau ile isingalipatikana.

Agosti mwaka uo huo aliomba hataza, akaacha chuo, jambo ambalo Hofmann hakulipenda. Baba yake, yule yule aliyetaka msanifu wa majengo, akatoa sehemu kubwa ya akiba yake. Nduguye Thomas akajiunga nao. Mwaka wa 1857 wakafungua kiwanda Greenford. Anilini haikupatikana kwa wingi sokoni, hivyo iliwabidi waitengeneze wenyewe kutokana na benzini, kwa mitambo waliyoibuni wenyewe. Mwaka wa 1858 Malkia Victoria alivaa rangi ya zambarau katika harusi ya bintiye. Mwaka wa 1874, akiwa na miaka 36, Perkin alikiuza kiwanda akarudi kwenye utafiti.

Nami nina langu la kuungama. Zamani nikifundisha kemia, mvulana mmoja aliniletea chombo chenye masalio meusi, ilhali jaribio lilitakiwa kutoa fuwele za buluu. Alikuwa na swali mdomoni. Kengele ilikaribia kulia, nami nilikuwa na njaa. Nikamwambia amwage, aoshe chombo, kisha anakili matokeo ya jirani yake. Alitii, nikampa alama zote. Swali lake sikulisikia.