Maji ya Kampala: Ugumu Si Adui, Adui ni Uchafu

Kilima cha Muyenga katika jiji la Kampala hujulikana na wengi kama kilima cha matangi, kwa kuwa juu yake yamejengwa matangi makubwa yanayopokea maji kutoka Ggaba, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Maji husukumwa kwa pampu hadi kileleni, kisha huteremka kwa nguvu ya uzito wake hadi katika nyumba za bondeni.

Katika vitongoji hivyo mazungumzo juu ya maji hayaishi. Huyu husema maji ya bomba yananuka dawa. Yule husema yametoka na rangi ya kutu. Mwenye kisima chake hulalamika kuwa sabuni haitoi povu, na birika lake limeota ukoko mweupe. Mwingine huyaacha yote akaenda kuchota chemchemi, kwa sababu maji yake ni maangavu na ya baridi. Malalamiko haya yote hutiwa katika kapu moja na kuitwa maji mabaya. Sisi twaona yafaa yatenganishwe, maana asiyemjua adui wake huweza kumpiga rafiki.

Tuanze na ugumu. Maji huitwa magumu yanapobeba madini mengi ya kalsiamu na magnesiamu, ambayo mvua huyayeyusha inapopenya katika miamba, hasa miamba ya chokaa. Wataalamu huyahesabu maji kuwa laini yakiwa na chini ya miligramu 60 za madini hayo katika lita moja, na kuwa magumu sana yakizidi miligramu 180. Jiji la Lusaka, nchini Zambia, limekaa juu ya miamba ya aina hiyo, na maji ya visima vyake yajulikana kwa ugumu. Maji magumu hula sabuni, huziba mabomba na kuongeza gharama ya kuni na umeme, kwa kuwa birika lenye ukoko huchelewa kupata moto. Lakini hayaleti maradhi. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu kwa sababu za kiafya.

Maji ya Ziwa Victoria ni kinyume chake. Kiasi cha sehemu nne kwa tano za maji yanayoingia ziwani hutokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, wala hayakupita katika miamba. Kwa hiyo ni maji laini, na sabuni hutoa povu upesi. Hata hivyo ulaini nao una kasoro yake. Maji laini huwa na tabia ya kula chuma, na ndiyo maana mabomba ya zamani huweza kutoa maji mekundu, hasa yanaporudi baada ya kukatika. Kutu hiyo huchafua nguo na kuudhi macho, lakini si sumu ya kuogopwa kama vijidudu visivyoonekana.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Mfereji wa Nakivubo hukusanya maji machafu ya jiji, ukapita karibu na Bugolobi, ukamwaga katika kinamasi na hatimaye katika ghuba ya Murchison. Ghuba hiyo hiyo ndiyo inayopatia maji mitambo ya Ggaba. Kwa miaka mingi mafunjo ya kinamasi yalifanya kazi ya chujio bila mshahara: yalizuia tope na kunyonya mbolea iliyomo katika uchafu. Lakini watu wamefyeka mafunjo wakapanda magimbi na miwa, wengine wakajaza udongo na kujenga. Chujio likatoboka. Mbolea hiyo hulisha mwani, maji ya ghuba yakageuka kijani, na mitambo ikahitaji shabu na klorini nyingi zaidi. Gharama hiyo hubebwa na kila alipaye ankara ya maji. Katika miaka ya karibuni kumejengwa mtambo mwingine huko Katosi, wilayani Mukono, mbali na ghuba hiyo. Ni hatua ya kupongezwa, lakini haitupi ruhusa ya kuendelea kuichafua ghuba.

Ndugu wasomaji, ile harufu ya dawa inayolaumiwa ndiyo dalili kwamba mlinzi yuko kazini. Klorini kidogo iliyobaki katika maji huua vijidudu vinavyoingia njiani, mabomba yanapopasuka au maji yanapokatika. Chemchemi haina mlinzi huyo. Juu yake, mlimani, kumejaa nyumba na vyoo vya shimo, na mvua inaponyesha uchafu hupenya ardhini hadi kwenye mkondo wake. Maji hubaki maangavu, lakini yana maradhi. Mwaka 1997, mvua kubwa za El Niño zilipoleta mafuriko, kipindupindu kililipuka Kampala. Mwaka 2015 homa ya matumbo iliwashika maelfu ya watu, na wachunguzi waliona kuwa chanzo kilikuwa maji machafu, pamoja na sharubati zilizotengenezwa kwa maji hayo na kuuzwa mjini.

Hapana budi basi kila mmoja atimize wajibu wake. Maji ya kunywa yachemshwe, hata yakiwa ya bomba, na yawekwe katika chombo safi chenye kifuniko. Dumu lenye utando wa kijani huharibu kazi yote iliyofanywa Ggaba. Matangi ya nyumbani yafunikwe na kusafishwa. Bomba lililopasuka litolewe taarifa mara moja.

Nao wenye mamlaka wasilale. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 imeiweka serikali kuwa mdhamini wa vinamasi kwa manufaa ya raia wote. Anayefukia kinamasi, awe maskini mwenye jembe au tajiri mwenye tingatinga, atia mkono wake katika mtungi wa jirani. Ugumu wa maji umetoka katika miamba, nasi hatuwezi kuushtaki mwamba. Uchafu umetoka kwetu, na kwetu ndiko utakakokomeshwa.