Chumba kidogo hakitaki spika kubwa

WANUNUZI wengi wa spika huamua kwa macho kabla masikio hayajapewa nafasi. Dukani, spika iliyo ndefu kama mlango na yenye koni tatu au nne huonekana kuwa na thamani kuliko kisanduku kinachoweza kubebwa kwapani. Hesabu hiyo huenda ikafaa ukumbi wa harusi. Katika chumba kidogo cha kupanga, aghalabu huwa ni hesabu ya hasara.

Hasara yenyewe si ya pesa pekee, ingawa akiba ya miezi kadhaa si jambo dogo kwa mtu wa mshahara. Mwenye spika kubwa katika chumba kidogo hulazimika kupunguza sauti hadi muziki ukapoteza uhai, au kuiongeza hadi besi ikameza maneno ya mwimbaji na jirani akaja kubisha mlango. Udi, fidla na magitaa aliyotarajia kuyafurahia yamo ndani ya wimbo, lakini hayamfikii.

Chanzo cha tatizo hili ni kwamba spika haifanyi kazi peke yake. Anayesikiliza muziki chumbani husikia spika na chumba kwa pamoja, na kwa upande wa besi, chumba ndicho chenye kauli kubwa zaidi.

Kuta nazo hupiga muziki

Chukua mfano wa chumba cha futi 10 kwa futi 10, kipimo kinachofahamika vyema na wapangaji wa Nairobi, Mombasa na miji mingine ya Kenya. Upande mmoja una takriban mita 3.05. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya karibu mita 343 kwa sekunde joto linapokuwa nyuzi 20. Kwa hivyo, wimbi la sauti lenye mitetemo 56 kwa sekunde huwa na urefu wa mita 6.1 hivi, yaani mara mbili ya upana wa chumba hicho.

Wimbi la namna hiyo linapogonga ukuta wa mawe hurudi na kukutana na yale yanayolifuata. Matokeo ni kwamba sauti hiyo moja huvimba kandokando ya kuta na kufifia katikati ya chumba. Aliyeegemeza kichwa ukutani husikia ngurumo, naye aliyeketi katikati huisikia kwa mbali tu, ilhali spika ni zile zile na wimbo ni ule ule.

Jambo hili hudhihirika katika nyimbo za kila siku. Uzi wa pili kwa unene katika gitaa la kawaida la besi, ukipigwa bila kubanwa, hutoa mitetemo 55 kwa sekunde. Kila mara mpiga besi anapougusa uzi huo, chumba cha futi 10 huiongezea sauti yake nguvu na kuirefusha. Noti inayofuata hukuta chumba kingali kinavuma. Muziki wa benga, ambao besi yake hutembea kwa wepesi, huharibika upesi kwa njia hii: hatua zote za gitaa hilo hugeuka kuwa mvumo mmoja.

Chumba cha mraba ndicho kigumu zaidi, kwa kuwa urefu na upana wake huvimbisha sauti ile ile. Chumba cha futi 10 kwa futi 13 huugawanya mzigo huo, kwani upande wake mrefu huvimbisha sauti ya mitetemo 43 hivi. Aidha, kuta za mbao au mabati huachilia sehemu ya besi itoke nje, ilhali kuta za mawe na dari ya zege huirudisha ndani kwa wingi.

Spika kubwa yenye besi nzito humwaga nguvu zake hasa pale ambapo chumba tayari kina udhaifu. Spika ndogo, ambayo besi yake huanza kupungua kabla ya kufika huko, haikichokozi chumba kwa kiasi hicho.

Funzo la gari la BBC

Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilikabiliana na tatizo la nafasi finyu miaka ya 1970. Wahandisi wake walihitaji spika ya kukagulia sauti ndani ya magari ya kurushia matangazo nje ya studio, ambamo spika kubwa za studio hazingeweza kuenea. Jibu lao lilikuwa spika iliyopewa jina LS3/5A, kisanduku cha plaiwudi chenye kimo cha sentimita 30 hivi, upana wa 19 na kina cha 16.

Wahandisi hao hawakukilazimisha kisanduku hicho kitoe kila kitu. Walikubali kwamba besi nzito kabisa isingekuwapo, na kwamba spika hiyo isingeweza kupiga kwa sauti ya juu sana. Mkazo waliutia kwenye sauti ya binadamu. Iwapo mtangazaji anasikika kana kwamba anazungumzia ndani ya ndoo, fundi aliye garini anapaswa kujua mara moja kama kosa ni la maikrofoni. Hawezi kulijua hilo ikiwa spika yenyewe ina makosa.

Kampuni kadhaa, zikiwemo Rogers na Spendor, zilipewa leseni ya kuitengeneza, nayo ikaingia majumbani. Takriban nusu karne baadaye, spika hizo zilizotumika zingali zikitafutwa na wapenzi wa muziki wenye vyumba vidogo.

Mnunuzi wa leo halazimiki kuitafuta LS3/5A. Analopaswa kuiga ni utaratibu wa wahandisi hao: kwanza kukipima chumba, kisha kuamua ni kipi cha kuachwa, na hatimaye kudai ubora katika kile kilichobaki.

Sanduku lenye tundu na lililofungwa

Spika nyingi za kisasa zina tundu mbele au nyuma. Tundu hilo huitumia hewa iliyo ndani ya sanduku kuongeza besi, hivyo sanduku dogo likasikika kama kubwa. Hata hivyo, besi hiyo hukatika ghafla inapofika kikomo chake, na wingi wake huweza kukizidi nguvu chumba kidogo.

Sanduku lililofungwa kabisa huanza kupoteza besi mapema, lakini huipoteza polepole. Chumba kidogo chenye kuta imara nacho huziinua sauti zilizo chini kabisa, hivyo kikafidia sehemu ya upungufu huo. LS3/5A ilikuwa ya aina hii.

Aliye na spika za tundu hana haja ya kuziuza. Sponji ikiingizwa tunduni hupunguza mvumo, na baadhi ya watengenezaji hutia vipande vya sponji katika katoni kwa ajili hiyo hiyo.

Wati za kwenye katoni

Debe tupu haliachi kuvuma. Katoni nyingi za vyombo vya muziki zimeandikwa maelfu ya wati yakifuatwa na herufi PMPO. Kipimo hicho hakina kanuni moja inayokubaliwa na wote, kwa hivyo kila muuzaji anaweza kuchapisha tarakimu inayompendeza. Kinachofaa kutazamwa ni wati zinazoambatana na herufi RMS, yaani nguvu ambazo chombo kinaweza kuzitoa mfululizo.

Njia nyingine ni kukigeuza chombo na kusoma kibandiko cha nyuma. Kifaa kinachovuta wati 60 za umeme hakiwezi kutoa wati 3,000 za muziki mfululizo, hata katoni iseme nini.

Kwa upande wa spika, tarakimu muhimu ni desibeli zinazotolewa kwa wati moja, zikipimwa umbali wa mita moja. Spika mbili zenye kipimo cha desibeli 88, zikipewa wati moja kila moja, humfikishia msikilizaji aliye umbali wa mita mbili takriban desibeli 85. Hiyo ni sauti ya juu kwa chumba kidogo.

Kila desibeli tatu zinazoongezwa huhitaji wati mara mbili. Kwa hivyo, spika ya desibeli 82 huhitaji nguvu mara nne ya ile ya desibeli 88 ili zisikike sawa. Hata hivyo, amplifaya halisi ya wati 30 hadi 50 huwatosheleza wengi. Ile dhaifu inayolazimishwa kupita uwezo wake hukatakata mawimbi ya sauti, na twita ndiyo huungua kwanza. Ngoma ikilia sana hupasuka.

Mahali pa kuziweka

Pembe ya chumba huonekana kuwa mahali pazuri kwa kuwa haipunguzi nafasi. Kwa masikio, ndipo mahali pabaya zaidi, kwani kuta mbili na sakafu huungana kuikuza besi. Spika zitolewe pembeni, ziwekwe kwenye stendi au meza imara, twita zikiwa kwenye kimo cha masikio ya aliyeketi.

Katika chumba cha futi 10, spika zinaweza kuachana kwa mita 1.5 hivi, na msikilizaji akaketi kwa umbali uo huo kutoka kwa kila moja. Kiti kisiwe katikati kabisa ya chumba, wala kisiegemee ukuta wa nyuma. Theluthi moja ya urefu wa chumba kutoka ukuta huo ni mwanzo mzuri. Baada ya hapo, kusogeza spika au kiti kwa sentimita 20 kunaweza kuleta tofauti kubwa kuliko kubadilisha waya ghali.

Anayetaka wufa ya ziada anaweza kuiweka kwa muda kwenye kiti chake, apige wimbo wenye besi nyingi, kisha azunguke chumbani akiwa ameinama. Mahali besi inaposikika kwa usawa ndipo wufa itakapofaa kuwekwa.

Vitabu kuliko trei za mayai

Chumba chenye sakafu ya vigae na kuta tupu hurudisha sauti nyembamba kwa ukali, na mwimbaji akasikika kama aliye bafuni. Zulia nene, kochi la kitambaa, pazia zito na rafu ya vitabu hutuliza ukali huo. Leso nyepesi iliyotundikwa ukutani haitoshi. Trei za mayai, ambazo watu wengi huzibandika ukutani, hunyonya sauti kidogo mno, na kwa besi hazina msaada.

Kujua mahali pa kutundika kitambaa si kazi ngumu. Mtu mmoja huketi kitini na mwenzake husogeza kioo ukutani. Pale aliyeketi anapoiona spika kiooni, ndipo sauti yake inapogonga ukuta na kumrudia.

Kabla ya kulipa

Jaribio la kwanza dukani liwe la sauti ya mtu anayezungumza, kama vile mtangazaji wa redio. Isitokee kifuani kupita kiasi wala puani, na ikipigwa kwenye spika zote mbili isikike ikitoka katikati yake. Ikitawanyika huku besi ikipungua, huenda waya mwekundu na mweusi umebadilishwa kwenye spika moja.

Jaribio la pili liwe la wimbo ambao mnunuzi anaufahamu kwa muda mrefu, na upigwe kwa sauti ya chini. Wauzaji hupenda kuongeza sauti kwa kuwa masikio hudanganyika na ukubwa wake. Nyumbani, hasa usiku, spika zitatumika zikiwa chini. Ikiwezekana, makubaliano yafanywe ya kuzirejesha zikishindwa kuelewana na chumba.

Kwa spika zilizotumika, ukingo wa koni ukaguliwe kwa makini. Ukingo wa sponji huoza kadiri miaka inavyopita, na joto na unyevu, kama ule wa Pwani, huharakisha uozo huo.

Masikio na majirani

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa nne. Uwezo wa kusikia ukishaharibiwa kwa kelele haurudi, na hakuna spika inayoweza kuufidia.

Majirani nao wana haki yao. Kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa nchini Kenya mwaka 2009 ziliweka viwango vya chini zaidi kwa saa za usiku. Besi ndiyo hupenya kuta kwa urahisi, kwa hivyo anayeipunguza hutunza ujirani na wimbo kwa wakati mmoja.

Kwa mwenye bajeti finyu, mpangilio wa matumizi ni huu: apime chumba kwa utepe kabla ya kwenda dukani, atenge sehemu kubwa ya pesa kwa spika mbili ndogo zilizoundwa vyema, anunue amplifaya ya wati chache zilizo za kweli, na asalie na kiasi cha stendi na zulia. Wufa inaweza kungoja hadi atakapozisikiliza spika hizo kwa miezi michache na kujua kama kweli anaihitaji.