Nani Amlee Mtoto wa Mfanyakazi?

Kila mama mwenye kazi ya mshahara ajua jambo ambalo watunga sheria za kodi hulisahau upesi: siku ya kazi haianzi langoni mwa kiwanda. Huanza pale apatapo mtu wa kumwachia mtoto. Leo twataka kuitazama Marekani, nchi yenye mali nyingi, ambayo imejaribu kulimaliza shauri hili kwa njia ya kodi.

Mwaka 2001 ilipitishwa huko sheria ya kumpunguzia kodi mwajiri agharimiaye nyumba ya kulelea watoto wa watumishi wake. Kwa kila dola 100 alizotumia alisamehewa 25, mradi nafuu yote isizidi dola 150,000 kwa mwaka. Maneno matamu. Lakini wakaguzi wa Bunge lao walipotoa ripoti mwaka 2022, walikadiria kuwa kwa mwaka wa kodi wa 2016 makampuni yaliyodai nafuu hiyo hayakufika 300, katika nchi yenye makampuni kwa mamilioni!

Hatushangai. Nafuu ya kodi hurudisha sehemu ya fedha iliyokwisha kutumika. Haitoi fedha ya kuanzia. Mwenye karakana ndogo atajenga kwa akiba gani? Tena huenda kodi anayodaiwa ni ndogo kuliko nafuu anayoahidiwa. Hospitali za hisani, zisizotozwa kodi ya mapato, hazipati kitu, ingawa zimejaa wauguzi wenye watoto wachanga. Na aliyejenga akaifunga nyumba hiyo kabla ya miaka 10 kutimia hudaiwa kuirudisha nafuu, yote au sehemu yake.

Mwaka 2025 sheria ilirekebishwa. Kuanzia 2026 nafuu ni dola 40 kwa kila 100, na 50 kwa biashara ndogo. Kikomo kimepandishwa hadi dola 500,000, na 600,000 kwa hao wadogo, ambao sasa wameruhusiwa kuungana. Hiyo ya kuungana twaisifu. Hata hivyo neno la mwisho lingali la mwajiri. Apendapo hujenga, asipopenda hajengi. Na mama akigombana na msimamizi wake, hupoteza kazi na mlezi wa mtoto siku moja.

Wala si kwamba Wamarekani hawaijui njia nyingine. Mwaka 1943, wakati wa vita, meli zilihitajiwa na wanawake wakaitwa kuziunda. Huko Portland, katika viwanda vya Kaiser, zilijengwa nyumba mbili za kulelea watoto karibu na malango. Zilifunguliwa usiku na mchana kufuata zamu. Palikuwa na wauguzi, na mama aliyechoka aliweza kununua chakula kilichopikwa akaenda nacho nyumbani. Gharama zilibebwa na Serikali ndani ya bei ya meli. Hapakuwa na haja ya kumbembeleza mtu kwa nafuu.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, nyumba hizo zilifungwa. Desemba 1971 Rais Nixon aliukataa mswada uliokusudia kuweka huduma ya malezi ya watoto nchi nzima, ingawa Bunge lilikuwa limeupitisha. Ikapita miaka 30 hivi, ndipo ikaja ile sheria ya dola 25 kwa 100.