Freni Zikilia, Usipulize Vumbi



Asubuhi hapa Kisangani, baada ya mvua ya usiku, dereva anatoa motokari. Kila akikanyaga freni inalia kwiii! Watoto wa jirani wanacheka. Akifika njia kubwa sauti imekwisha. Huo si ugonjwa. Disiki ni chuma, na hewa ya kwetu ina maji mwaka mzima. Usiku mmoja watosha kuipaka kutu nyepesi. Plaketi zikiisugua mara chache, kutu inatoka.

Kelele isiyokwisha ndiyo yenye neno. Freni (ndugu zetu wa mashariki husema breki) hufanya kazi kwa kusugua: plaketi inabana disiki, mwendo unageuka joto, na plaketi inalika kidogo kidogo. Plaketi nyingi zina kibati chembamba pembeni. Unene ukibaki kama milimita 2 ao 3, kibati kinagusa disiki na kulia, ili dereva asikie. Kama sauti imegeuka ya kukwaruza, chuma kwa chuma, usiondoke nayo kwenda Buta wala Bafwasende, na mzigo nyuma na watu juu yake. Wengine hupaka mafuta kwenye plaketi ili zinyamaze. Zitanyamaza kweli, lakini motokari haitasimama.

Tazama pia magurudumu. Osha udongo mwekundu wa barabara, endesha siku chache, halafu chungulia. Vumbi jeusi kwenye magurudumu ya mbele ni la kawaida, maana motokari ikifunga freni uzito mwingi huelekea mbele. Lakini kushoto na kulia vifanane. Gurudumu moja likiwa jeusi kupita mwenzake, tena la moto, freni yake imekwama. Likiwa na majimaji ndani, freni inavuja: mwite fundi siku ileile.

Sasa tufike garajini, maana hapo ndipo hatari ambayo wengi hawaioni. Fundi anafungua tamburi ya kamio kukuu na kukuta vumbi limejaa. Anachukua bomba la kompreseri, puuu! Wingu linapanda, na kijana anayejifunza kazi amechuchumaa palepale, kinywa wazi. Mwingine anasugua freni kwa msasa mkavu ili zisilie tena. Kwa miaka mingi freni zilitengenezwa kwa amianti, jiwe lenye nyuzi zinazovumilia moto. Nyuzi hizo ni ndogo hata jicho halizioni. Zikiingia mapafuni zinakaa humo. Shirika la Afya Duniani linasema kila aina ya amianti huleta kansa. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeikataza tangu 2005, na Afrika Kusini, iliyokuwa ikiichimba yenyewe, tangu 2008. Lakini kamio kukuu halijui sheria ya Ulaya, na kipande kilichonunuliwa sokoni hakisemi kimetoka wapi. Kuona maneno « sans amiante » kwenye sanduku ni vizuri, ila sanduku si ushahidi.

Fundi mzee atajibu: « Nimepuliza miaka kumi, sijaumwa. » Ugonjwa huu huchukua miaka 20, 30, hata 40 kabla ya kujionyesha. Tena kwa mvuta tumbaku hatari ya kansa ya mapafu inazidi sana.

Kwa hiyo vumbi la freni lisipulizwe, si kwa kompreseri wala kwa mdomo, wala lisifagiliwe kavu. Lilowekwe kwanza kwa maji yenye sabuni, yamwagwe polepole. Pangusa kwa kitambaa chenye maji, kisha kitambaa na tope vitiwe katika mfuko na kufungwa. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii nyuzi hizo, kisikudanganye.

Na wewe mama, salopeti ya baba ikirudi nyumbani na vumbi la garaji, usiikung'ute mlangoni. Itie majini kwanza, mbali na nguo za watoto, ndipo ufue. Afadhali zaidi baba aibadilishe kazini na kunawa huko, kabla mtoto hajamrukia shingoni.