Visanduku vya Fomu Vinavyojikagua: Mfano wa Kindu

Mtunzi wa programu, badala ya kuandika upya kanuni za kila fomu ya tovuti, hutunga kisanduku kimoja cha kujazia chenye ukaguzi wake, kisha hukitumia popote kinapohitajika. Kisanduku cha simu ya Kongo, kwa mfano, hudai tarakimu 9 baada ya 243. Kosa huonekana kabla fomu haijatumwa, jambo lenye manufaa makubwa pale mtandao unapokatika ovyo.

Ugumu u katika kanuni yenyewe. Mkoa wa Maniema una wilaya 7: Kabambare, Kailo, Kasongo, Kibombo, Lubutu, Pangi na Punia. Kisanduku cha makazi kikikubali hizo tu, mkazi wa Kindu hana pa kujiandika, kwani mji huo, ingawa ndio makao makuu ya mkoa, haumo katika wilaya yoyote kati ya hizo. Kadhalika kisanduku cha jina kinachotambua herufi A hadi Z pekee humkataa Hélène. Kwa kuwa kisanduku hurudiwa, kosa nalo huenea katika kila fomu. Lakini husahihishwa mahali pamoja tu. Seva nayo haina budi kukagua tena, maana ukaguzi wa kivinjari waweza kukwepwa.